Iachwe na Makovu Yake? Mjadala Kuhusu Colt ya Mwaka 1873

Hoja iliyo mezani ni hii: bastola ya kale iliyochakaa irudishwe katika sura iliyokuwa nayo siku ilipotoka kiwandani. Nchini Marekani, ambako bastola za silinda za karne ya 19 zina wapenzi wengi, hoja hii imewagawa mafundi, wakusanyaji na wahifadhi wa makumbusho kwa miaka mingi. Kila upande una sababu zinazostahili kusikilizwa hadi mwisho.

Ili tusipotee katika maneno ya jumla, tuchukue aina moja tu: Colt Single Action Army, bastola iliyoundwa Hartford, jimbo la Connecticut, na kupokewa na jeshi la Marekani mwaka 1873. Silinda yake ina matundu sita, na kila risasi inadai bastola ikokiwe upya. Mpigaji huvuta nyundo kwa dole gumba, silinda huzunguka hatua moja na kujifunga, kisha kifyatulio hufanya kazi yake moja tu ya kuiachia nyundo. Toleo la kwanza lilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1940, na zilitengenezwa zaidi ya bastola 350,000. Uzalishaji ulianza tena mwaka 1956, lakini zinazogombaniwa zaidi ni zile za mwanzo, hasa zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1899, ambazo sheria ya shirikisho ya Marekani inazihesabu kuwa vitu vya kale.

Wazungumzaji wanne wanaofuata nimewatunga mimi. Hakuna anayemwakilisha mtu fulani, bali hoja zao ni zile zinazosikika kila penye meza ya wakusanyaji. Mimi ni mwenyekiti, na mwishoni nitatoa kauli yangu bila kuficha.

FUNDI: Ndugu Mwenyekiti, naunga mkono hoja. Wengi wanaotetea uzee wa bastola hizi hawajawahi kuiona moja ikiwa mpya. Colt iliyotoka Hartford mwaka 1880 haikuwa ya kahawia. Mtutu na silinda vilikuwa vyeusi vyenye samawati ndani yake. Fremu ilikuwa na mawimbi ya bluu, kijivu na manjano ya majani makavu. Na rangi hizo za fremu hazikupakwa kwa brashi. Fremu ilifungiwa ndani ya chombo cha chuma pamoja na mkaa wa mifupa na mkaa wa kuni, ikawekwa tanurini kwa saa kadhaa mpaka ikaiva nyekundu, kisha ikatumbukizwa majini kwa mpigo. Kaboni iliyopenya kwenye uso wa chuma iliufanya uwe mgumu, na rangi zikabaki kama alama ya safari hiyo ya moto na maji. Hakuna fremu mbili zilizofanana.

Ufundi huu ulikaribia kupotea. Umerudi kwa sababu watu kama Doug Turnbull wa Bloomfield, jimbo la New York, walikaa wakaujifunza upya. Tukikataza kurudisha sura, fundi kijana atajifunzia wapi? Na mjukuu wetu atajuaje kwamba wafanyakazi wa Hartford walikuwa mabingwa, kama kila atakachoonyeshwa ni chuma cha rangi ya matope?

MHIFADHI: Nampongeza Fundi kwa maelezo yake, maana ndiyo yanayonipa jibu. Ili fremu ipate rangi mpya, ile iliyopo lazima iondoke kwanza. Hapo ndipo hasara inapoanza. Angalia bastola iliyopitishwa kwenye mashine ya kung'arishia. Kona za fremu, zilizotoka kiwandani zikiwa kali, zimelegea. Matundu ya skrubu yametanuka midomo na kuwa kama visahani. Maandishi ya juu ya mtutu yamefifia upande mmoja na kubaki upande mwingine. Mashine haijui tofauti kati ya kutu na herufi.

Na herufi zenyewe ni nzito. Bastola zilizonunuliwa na jeshi zilikaguliwa kipande kwa kipande, na wakaguzi wakapiga herufi za majina yao. Orville Ainsworth, mmoja wa wakaguzi wa mwanzo kabisa, aliacha O.W.A. kwenye bastola za miaka hiyo ya kwanza. Namba ya bastola ilipigwa kwenye fremu, kwenye chuma cha kulinda kifyatulio na kwenye mgongo wa mpini, na za mwanzo zina namba hata kwenye silinda na mtutu. Ondoa sehemu ndogo tu ya milimita, na umeondoa jina la mtu aliyeishika bastola hiyo kabla haijaona vumbi la Kansas. Rangi inaweza kurudishwa, Ndugu Mwenyekiti. Chuma kilichokwenda na msasa hakirudi.

FUNDI: Mheshimiwa Mhifadhi anaeleza kazi mbovu, kisha anailaumu kazi yote. Fundi mwenye adabu hatumii gurudumu laini. Hukaa na tupa ndogo na jiwe, husugua kwa mkono akifuata mwelekeo uleule waliosugulia wa Hartford, na huziba matundu ya skrubu kabla ya kuanza ili midomo yake isitanuke.

Isitoshe, bastola hizi zimekuwa zikitengenezwa upya tangu zikiwa kazini. Mteja aliyerudisha Colt yake kiwandani alifanyiwa matengenezo na kutiwa rangi upya. Jeshi lenyewe, kati ya mwaka 1895 na 1903, lilizikusanya bastola zake za askari wa farasi, likakata mitutu kutoka inchi 7.5 hadi 5.5, likazitia rangi mpya na kuzirudisha kwa askari. Wakusanyaji wanaziita Artillery. Kama serikali ilizitengeneza upya, mimi nina kosa gani?

MWALIMU WA HISTORIA: Naomba niushike mfano huo huo wa Fundi. Jeshi lilinunua takriban bastola 37,000 za aina hii kabla ya kuhamia kwenye bastola yenye risasi ndogo ya .38 mwaka 1892. Vita vya Ufilipino vikaonyesha kwamba ile ndogo haikuwa na nguvu ya kutosha, na Colt za zamani zikatolewa ghalani. Karakana zilizozitengeneza zilizifungua nyingi kwa pamoja, na zilipozifunga tena hazikujali namba gani imekwenda na namba gani. Ndiyo maana Artillery halisi mara nyingi huwa na namba zisizolingana: fremu ya mwaka fulani, silinda ya mwaka mwingine, mtutu wa bastola ya tatu. Kwa mtu asiyejua, hiyo ni takataka. Kwa mwanahistoria, ni ushahidi wa jeshi lililokuwa na haraka.

Sasa tazama kinachofanywa leo kwa jina la kurudisha sura. Kwa kuwa jeshi lilikata mitutu mingi, bastola ya askari wa farasi iliyobaki na mtutu mrefu ni adimu na bei yake iko juu. Basi mtu ananunua Artillery, anaifungia mtutu wa inchi 7.5, anafuta namba na kupiga nyingine ili zote zilingane, kisha anasema ameirudisha ilivyokuwa. Amefuta tukio lililotokea kweli na kuweka lisilotokea kamwe. Jeshi liliitengeneza bastola kwa sababu ya vita. Huyu anaitengeneza kwa sababu ya mnada. Tofauti iko hapo, Ndugu Fundi.

MKUSANYAJI: Mimi ndiye ninayelipa, kwa hiyo naomba nami nisikilizwe. Kwanza, soko linajua linachokitaka kuliko tunavyodhani. Agosti 2021, nyumba ya mnada ya Bonhams iliuza Colt ambayo sherifu Pat Garrett alimuulia mhalifu Billy the Kid pale Fort Sumner, New Mexico, mwezi Julai 1881. Ilifika zaidi ya dola milioni 6. Fedha hizo hazikulipia mng'aro. Zililipia nyaraka na mfuatano wa mikono iliyoshika bastola hiyo tangu siku ile. Hakuna mwenye akili ambaye angeipeleka kwa fundi itiwe rangi.

Lakini si kila Colt ni ya Garrett. Mimi ninazo ambazo miaka mingi iliyopita mtu alizipeleka gereji, zikang'arishwa mpaka namba zikalainika, zikatiwa nikeli ya aina ileile inayotiwa kwenye bampa za magari. Huko hakuna uso wa mwaka 1880 wa kuulinda. Ulishakwenda. Kilichobaki ni uongo unaong'aa. Nikimpa Fundi bastola hiyo airudishie mistari na rangi zake za kweli, nani ameumia? Na nyingine zina kutu inayokula mpaka leo. Je, niikalie kimya kwa heshima ya historia mpaka iishe?

MHIFADHI: Hapana, na hapo tunakubaliana. Kutu nyekundu si uzee, ni uharibifu unaoendelea. Kuisimamisha ni wajibu. Ninachopinga ni kuchanganya kusafisha na kubadilisha. Fundi, hebu waeleze wasikilizaji jinsi kazi ya kusafisha inavyofanyika.

FUNDI: Kwa furaha. Kazi inaanza na bisibisi. Ya dukani ina ncha iliyochongoka kama kabari, hivyo hukamata mdomo wa juu tu wa mfereji wa skrubu na kuutafuna. Fundi husaga ncha yake mpaka pande zake ziwe sambamba, iujaze mfereji huo kuanzia chini hadi juu. Skrubu iliyogoma haishindwi kwa nguvu. Hutiwa mafuta yanayopenya, ikaachwa siku kadhaa, ikaguswa tena, na ikigoma hutiwa tena. Vipande vikishafunguka, kutu ya juu husuguliwa kwa mafuta na nyuzi laini za shaba nyeusi, ambazo ni laini kuliko chuma na hazikikwaruzi.

Kisha kuna njia ninayoipenda kuliko zote. Kipande chenye kutu huchemshwa katika maji safi yasiyo na chumvi wala madini. Kutu nyekundu hugeuka kuwa nyeusi, na hiyo nyeusi imetulia, haili tena chuma. Unga ulio juu ukifutwa, kunabaki ngozi nyeusi iliyotokana na chuma chenyewe. Hakuna kilichokwaruzwa wala kilichopakwa, na mara nyingine rangi ya zamani iliyokuwa imejificha chini ya kutu huonekana tena. Nakiri kwamba bastola nyingi zinazoletwa kwangu zinahitaji hayo tu, wala hazihitaji tanuri.

MWENYEKITI: Sura tumeizungumza. Je, mitambo ya ndani? Bastola ambayo haifanyi kazi, iachwe hivyo?

FUNDI: Ivuteni nyundo ya Colt nzima polepole, mtasikia milio minne. Wa kwanza ni kituo cha usalama, nyundo ikiwa imeinuka kidogo tu. Wa pili ni nusu ya safari, ambapo silinda iko huru kuzungushwa kwa mkono na risasi hutiwa moja moja kupitia kijilango cha upande wa kulia. Wa tatu ni kifungio cha silinda kinaporuka na kugusa silinda. Wa nne, bastola imekokiwa kamili. Bastola inayokosa mlio mmoja ina ugonjwa: springi imechoka, au meno ya nyundo yamelika. Ikikosa wa pili, inaweza kumlipukia mtu mkononi akiwa anatia risasi. Hata ikiwa nzima, kituo chake cha usalama ni chembamba, na pigo juu ya nyundo linaweza kukivunja. Ndiyo maana waliojua walitembea na risasi tano, nyundo ikilala juu ya tundu tupu. Nikibadilisha springi iliyovunjika, nimeikosea nini historia?

MHIFADHI: Hujakosea, kwa masharti mawili. Springi iliyotolewa ihifadhiwe pamoja na bastola, hata kama ni vipande. Na kipande kipya kiwe na alama mahali ambapo fundi wa baadaye ataiona akifungua. Ila nauliza: kwa nini ifanye kazi? Chuma cha miaka ya 1870 na 1880 kilipimwa kwa baruti nyeusi, na kiwanda kilianza kuzidhamini bastola hizi kwa baruti isiyotoa moshi baada tu ya karne hiyo kwisha. Anayetia risasi za leo kwenye Colt ya mwaka 1878 anacheza na silinda inayoweza kupasuka mbele ya uso wake. Anayetaka kupiga shabaha kwa mtindo huo anunue mpya. Italia, katika bonde la Trompia karibu na Brescia, viwanda kama Uberti vimekuwa vikitengeneza nakala nzuri kwa miongo mingi. Mng'aro anaoutaka ataupata huko, na risasi atapiga bila hofu.

MWALIMU: Kuna jambo moja ambalo hatujaligusa, nalo linatuhusu sisi tunaozungumza Kiswahili kuliko watu wa Hartford wanavyojua. Ni mpini. Colt nyingi zilikuwa na mpini wa mti wa walnati au wa mpira mgumu wenye mchoro wa tai. Lakini za fahari zilivalishwa pembe za ndovu. Maarufu kuliko zote ni ile ya jenerali wa Marekani George Patton, aliyoinunua mwaka 1916 na ambayo baadaye iliingia makumbusho.

Katika jimbo hilohilo la Connecticut kulikuwa na miji miwili, Ivoryton na Deep River, iliyoishi kwa kuchonga vitana na vibao vya piano kutokana na pembe. Pembe hizo zilitoka kwa wingi Zanzibar, ambako wafanyabiashara wa Kimarekani walikuwa na milango wazi tangu mtawala wake, Sayyid Said, alipotia saini mkataba na Marekani mwaka 1833. Nyuma ya Zanzibar kulikuwa na njia ya Tabora na Ujiji, wapagazi waliobeba pembe mabegani kwa miezi, na watu waliotekwa njiani wakageuzwa bidhaa. Sisemi kwamba kila mpini wa Colt ulipitia bandari ya Bagamoyo. Nasema kwamba pembe yoyote ya wakati huo ina historia, na anayerudisha sura huanza kwa kuing'arisha pembe iliyogeuka manjano na kupasuka, au huing'oa na kuweka nyingine.

MKUSANYAJI: Nyingine ataitoa wapi? Biashara ya kimataifa ya pembe ilifungwa na mkataba wa CITES kuanzia mwaka 1990. Kanuni za Marekani za mwaka 2016 zikabana karibu biashara yote ya pembe za ndovu wa Afrika ndani ya nchi hiyo, zikiacha upenyo mdogo, ukiwemo wa vitu vilivyothibitishwa kuwa na zaidi ya miaka 100. Mimi mpini wa pembe siubadilishi.

MWALIMU: Vizuri. Basi na tufike mahali penye uchungu. Bastola hii ilikuwa mikononi mwa kikosi cha 7 cha askari wa farasi pale Little Bighorn, Juni 1876, ambako Walakota na Wacheyenne walikishinda kikosi hicho chini ya kamanda wake, Custer, na kuzichukua silaha zake. Ilikuwa mikononi mwa kikosi hichohicho pale Wounded Knee, tarehe 29 Desemba 1890, walipouawa Walakota zaidi ya 150, wakiwemo wanawake na watoto wengi. Mnapoirudisha bastola ya namna hiyo iwe mpya, mnaipa sura ya siku ambayo ilikuwa bado haijamdhuru mtu. Nani amewapa ruhusa ya kuirudisha siku hiyo?

FUNDI: Mwalimu, sina jibu la swali hilo, wala sitalitafuta. Bastola yenye asili kama hiyo ikiletwa kwangu, nitaipaka mafuta na kuirudisha kwa mwenyewe. Lakini nakuomba nawe ukubali kwamba zilizo nyingi zilikaa kwenye droo za wenye maduka na wafugaji, na hazikumdhuru mtu.

MWALIMU: Nakubali. Ila kwa kuzitazama tu hatuwezi kujua ni zipi. Ndiyo sababu nataka uso wa kila moja uachwe useme.

MWENYEKITI: Hapo nafunga mjadala na kutoa kauli yangu.

Hoja kama ilivyoandikwa, naipinga. Siipingi kwa kuwa nachukia ufundi. Rangi za mkaa wa mifupa ni kati ya mambo mazuri kuliko yote ambayo mikono ya wanadamu imeyafanya kwenye chuma, na mafundi waliozifufua wanastahili heshima. Naipinga kwa sababu bastola ya kale ni shahidi, na shahidi hafundishwi maneno mapya. Mahali palipobaki uso wa kiwandani, hata robo yake, hata kivuli chake ndani ya mifereji ya silinda, fundi asipaguse isipokuwa kwa mafuta na kwa kuisimamisha kutu. Mkwaruzo wa ala karibu na mdomo wa mtutu, ulaini wa mpini pale kiganja kilipokaa, namba zisizolingana za Artillery, vyote hivyo ni maneno yake.

Kwa Colt ambayo mtu wa zamani alikwishaipora uso wake, Mkusanyaji ana haki. Hiyo ndiyo shule ya Fundi na ndipo tanuri lake linapotakiwa, pamoja na kwenye nakala mpya zinazotoka Italia. Mitambo ya ndani itengenezwe inapovunjika, na kilichotolewa kihifadhiwe. Namba na herufi za wakaguzi zisipigwe upya kamwe, hata kama zimebaki nusu. Hakuna nia njema inayoweza kuitofautisha namba iliyopigwa upya na ya kughushi mara tu bastola inapobadili mikono.

Sharti la mwisho ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Kila kazi iandikwe: nani aliifanya, mwaka gani, alikuta nini, aliondoa nini, aliongeza nini, pamoja na picha za kabla na baada. Kiwanda cha Colt bado hutoa barua kutoka kwenye daftari zake za zamani, inayoeleza bastola fulani ilisafirishwa lini, kwenda kwa nani, ikiwa na mtutu wa urefu gani na rangi gani. Barua hiyo ni ukurasa wa kwanza wa maisha ya bastola. Fundi anayeandika kazi yake anaongeza ukurasa wa haki baada ya huo, na asiyeandika anachana kurasa ambazo hakuziandika yeye. Anayetaka kuuza bastola iliyorudishwa sura auze, lakini akabidhi karatasi hizo pamoja nayo, na bei ikishuka kwa sababu ya ukweli, basi hiyo ndiyo bei yake.